Kioo Chini ya Benchi la Kwaya

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kikombe cha kwanza. "Mzee amepumzika alfajiri hii. Tunampeleka nyumbani," aliandika mke wake, na kwa watu wa kwetu neno nyumbani halihitaji maelezo. Ni kwenye kibanja cha baba yake, vilimani nyuma ya Nshamba, kati ya migomba na mibuni, hata kama mtu ameishi Hamugembe miaka thelathini na kuotesha migomba yake mwenyewe huko mjini. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba nimezika watu wengi katika ukurasa huu. Mara nyingi familia hunipigia simu, huniomba niandike mazuri, nami huyaandika hata pale ninapolazimika kuyatafuta kwa tochi. Huyu wa leo hakuna aliyemwombea nafasi. Hakuwa na cheo. Alikuwa fundi sanifu wa majengo, mstaafu, kifua kimemwishia kwa vumbi la saruji, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutazama nyufa. Namwandikia nikiwa na uchungu, niseme mapema, na sehemu kubwa ya uchungu huo ni juu yangu mwenyewe.

Alikuwa na kawaida moja iliyomkera mke wake muda wote wa ndoa yao. Ukimkaribisha nyumbani kwako, alitazama dari kwanza, kisha pembe za madirisha, kisha miguu ya ukuta, na salamu ikaja mwisho. Nimemwona akifanya hivyo msibani. Nimemwona akifanya hivyo harusini, bwana harusi amesimama mbele yake akisubiri kupewa mkono. Katika mfuko wake wa turubai alibeba penseli bapa ya seremala, kopo la lipu, na vipande vya kioo alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye madirisha yaliyovunjika, vyembamba, upana wa vidole viwili. Ufa ukimtia wasiwasi, alibandika kipande kimoja kwa kuukatiza, lipu kidogo mwisho huu, lipu kidogo mwisho ule, akaandika tarehe pembeni kwa penseli, akaenda zake. Baada ya mwezi alirudi, na baada ya miezi mitatu tena. Kioo kikiwa kizima, ufa umelala. Ziba, paka rangi, ishi. Kioo kikiwa kimevunjika, ufa unatembea, na hapo lazima uulize unakwenda wapi. Watu walimcheka kwa vioo vile. Yeye alijibu kwamba katika mkoa huu hajapata shahidi mwingine asiye na ndugu.

Tulijuana kwa sababu ya tetemeko lile lililoangusha nyumba nyingi mkoani kwetu. Nyumba yangu ya Hamugembe ilikuwa na ufa uliopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha la chumbani hadi kwenye mkanda wa zege juu, na mimi, kama majirani zangu wote, nilikuwa nimekwisha kuuhesabu pamoja na hasara za siku ile. Rafiki mmoja akaniletea fundi huyu autazame. Nikampokea kwa uso wa mfiwa. Aliutazama ufa kitambo kirefu, akauchokonoa kwa ncha ya penseli, akaniita nisogee.

"Hii ni rangi gani humu ndani?"

Nikainama. Ndani kabisa ya ufa palikuwa na kijani hafifu, rangi ya zamani ya chumba kile.

"Kijani ulipaka lini?"

"Siku nyingi, mzee wangu. Kabla mtoto wa mwisho hajazaliwa."

"Basi tetemeko lilipofika lilimkuta ufa huyu yupo hapa, na nguo yake ya kijani amevaa."

Akatoka nje, akazunguka nyumba, akanionyesha mahali ambapo maji yote ya paa yalimwagika kila mvua iliponyesha: kwenye mguu wa msingi, penye migomba niliyojisifia kwa wageni kwamba haijui kiangazi. Udongo ulikuwa umelainika upande mmoja, msingi umekaa, ukuta umefuata. Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikafunga mfereji wa bati, nikahamisha migomba, naye akabandika kioo chake, na kioo hicho kipo mpaka leo chumbani kwangu, kizima, na tarehe yake imeanza kufutika.

Safari nyingine alinikokota mpaka Bumbire, akidai nitapata habari ya gazetini. Palikuwa na jengo dogo la kupokelea samaki, la ghorofa moja, na nguzo zake za mbele zilikuwa zimepasuka kwa urefu, kutoka chini hadi kiunoni mwa mtu. Mlinzi wake, mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua jua likiwaka, alitupokea kwa heshima na maelezo tayari mdomoni. "Tetemeko, waitu. Hapa kisiwani lilitikisa vibaya." Fundi alitoa nyundo ndogo, akaigonga nguzo hapa na pale, akisikiliza sauti, na palipolia utupu akagonga kwa nguvu kidogo. Kipande cha zege kikadondoka miguuni mwetu. Ndani yake nondo ilikuwa nyekundu, imevimba, inabanduka tabaka kwa tabaka, na zege lililoifunika halikuzidi unene wa kidole cha mwisho cha mtoto. Akaokota kile kipande, akampa yule mzee akishike, akimwita baba kwa lugha yetu.

"Tata, tetemeko halina kutu."

"Lakini tuliambiwa ni tetemeko."

"Aliyewaambia ndiye aliyejenga?"

Mlinzi akacheka, kisha akaacha kucheka, akakigeuza kile kipande mkononi kana kwamba kuna jina limeandikwa upande wa pili. Nami nilipata habari yangu ya gazetini, lakini nililainisha, nikaandika kwamba jengo linahitaji ukarabati kutokana na sababu mbalimbali. Sababu mbalimbali!

Siku ile njiani alinifundisha nyufa kama watu wengine wanavyofundishana majina ya ng'ombe. Kuna za zege lililonyimwa maji, zinazotokea siku ileile au kesho yake, fupifupi, zimetapakaa kama tope la dimbwi lililokauka, kwa sababu jua na upepo vimenyonya maji ya juu kabla zege halijashikana. Hizo ni aibu ya mvivu wa kumwagilia, haziui mtu. Kuna za zege lililozidishiwa maji ili koleo liende kirahisi: likikauka linasinyaa miezi mingi, na kwa kuwa limebanwa pande zote, linajichana lenyewe. Kuna za msingi uliokaa, kama wangu, na kuna za kutu, kama za Bumbire, ambazo hufuata nondo na kuacha doa la kahawia. Halafu kuna za mzigo, na hapo sauti yake ilibadilika. Ufa wa wima chini ya tumbo la boriti, katikati, unasema boriti imelemewa. Ufa wa mshazari karibu na nguzo, "huo usiupigie picha, toka nje kwanza." Na ufa wa juu, kwenye shina la kitu kilichotokeza bila nguzo, roshani au kibaraza. Huo alisema ni mnafiki kuliko wote, maana hujificha chini ya vigae au rangi ya sakafu, na aliyesimama chini akitazama juu haoni kitu.

Nikamtupia methali, nikijiona msomi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Alisimama palepale njiani akanigeukia. Alisema anaichukia methali hiyo kuliko kutu, kwa sababu watu wetu wameisikia nusu. Wanaziba. Kila anapoitwa anakuta pameshazibwa, pamepakwa, pamebandikwa kalenda ya mwaka mpya, na mwenye nyumba anamsimulia kwamba palikuwa na ufa lakini tumeshaushughulikia. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Na tangu tetemeko, alisema, hata swali lenyewe limekufa, kwa kuwa jibu lipo tayari kwa kila mtu. Aliyeiba saruji anasema tetemeko. Aliyebana nondo anasema tetemeko. Aliyejenga juu ya shimo la takataka anasema tetemeko. Lilitikisa ardhi mara moja, nasi tumelipatia kazi ya kudumu.

Sasa niseme juu yetu sisi wenyewe, nshomile, watu tuliosoma na tusiochoka kukumbusha kwamba tumesoma. Tunajenga nyumbani tukiwa mbali. Mtu yuko Dar es Salaam, nyumba yake inapanda kibanjani kwa simu na picha, na sharti ni moja: Desemba akishuka na familia alale ndani yake, na majirani waone taa. Kwa hiyo kuanzia Oktoba kila mlima wa Muleba una mafundi wanaokimbia, mvua za Novemba zinanyesha juu ya mchanga na kokoto, na mirunda, yaani yale magogo ya mikaratusi yanayoshikilia zege mpaka likomae, inahamishwa kutoka nyumba hii kwenda ile kama sufuria ya kuazima. Zege linataka wiki nne. Krismasi haisogei. Mwishowe wanaohesabu siku si mafundi tena, ni wageni walioko njiani, na fundi anayesema zege bado halijakomaa huitwa mchawi wa maendeleo.

Kanisa la kwetu, sitalitaja, wenyewe wanalijua, lilipata roshani ya kwaya kwa njia hiyohiyo. Ilitakiwa ibarikiwe Krismasi, wakati watu wa mijini wamejaa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mume wa dada yangu, shemeji ambaye ndiye aliyenilipia ada nikiwa sekondari, na yaliyobaki ya hadithi hii yanategemea hilo. Roshani ilichorwa itokeze kutoka ukuta wa nyuma, hatua tatu ndefu, bila nguzo mbele, ili ipendeze. Fundi wangu alijitolea kuisuka nondo zake bila malipo, kwa kuwa alibatizwa hapo. Nakumbuka akiwaeleza wazee wa kanisa: nyosha mkono na ndoo ya maji, utasikia maumivu wapi? Juu ya bega. Basi na hii roshani mkono wake unavutika juu, kwa hiyo nondo zenye kazi ni za juu, karibu na ukuta, na zisishuke hata upana wa kidole. Alizisimamisha juu ya vigoda vidogo vya chuma alivyovikunja mwenyewe, akazifunga waya moja moja.

Jumamosi ya kumwaga zege ilikuwa sikukuu. Senene walikuwa wameanza, watoto wamejaza chupa, akina mama wamepanga mstari wa makarai kutoka penye kokoto hadi kwenye ngazi, wakiimba. Msaragambo wa kweli, wa kumfanya mtu aliyetoka mjini atokwe machozi. Nami nilikuwa nimetoka mjini, na buti mpya za mpira. Shemeji akatuita sisi wageni, watu saba, tupande tupige picha kabla ya zege kumwagwa. Tukapanda. Tukasimama juu ya nondo, karibu na ukuta, mahali panapoonekana vizuri, tukabadilishana nafasi mara tatu ili kila mtu apate kuwa katikati. Fundi alitoka mbio chini.

"Shukeni kwenye nondo, bojo, nawasihi! Shukeni!"

"Tulia, mwana waitu," shemeji akamjibu. "Chuma kinaogopa viatu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti. Tuliposhuka, vigoda vilikuwa vimelala, waya zimekatika, na nondo zimezama chini mpaka zinakaribia kugusa mbao. Aliomba saa moja tu azinyanyue. Lakini mchungaji alikuwa ameshaomba, zege limeshachanganywa, na akina mama wamesimama na makarai vichwani. Mtu mmoja akasema zege likiingia litazinyanyua lenyewe. Yeye alikaa juu ya rundo la mchanga, akatazama tunavyozizika. Siku ya kumi na mbili familia zilizoazimisha mirunda zikaanza kuja, kila moja na nyumba yake ya kumaliza kabla ya Krismasi. Alisimama mlangoni akapanua mikono kuwazuia. Mama mmoja mzee wa kanisa alimsogeza kwa upole kabisa. "Tata, hii mirunda niliitoa kwa Bwana kwa siku kumi. Bwana ameshamaliza."

Krismasi ilipita vizuri. Kwaya iliimba juu, tarumbeta zikalia, watu wa mijini walipiga picha. Kufikia Pasaka palikuwa na ufa kwenye sakafu ya roshani, pale inapokutana na ukuta, mwembamba, umetoka upande hadi upande. Alibandika kioo chini ya benchi la mwisho. Kikavunjika. Akabandika cha pili, nacho kikavunjika. Akapanda basi kurudi Bukoba, akaniwekea mezani vipande vya vioo vyote viwili, amevifunga kwenye karatasi ya gazeti letu, na nilipoifungua nikaona ni ukurasa wangu.

"Andika," akasema.

Nilimwambia jambo la kanisa humalizwa ndani ya kanisa. Nilimwambia kuliweka gazetini ni kulivua nguo. Yeye akanieleza kwamba haombi ibomolewe. Anaomba nguzo mbili tu mbele, chini ya ukingo. Nondo tumezizamisha chini, basi nguzo zikisimama mbele, roshani itavutika kwa chini, na huko huko chini ndiko nondo zitakakofanya kazi. Kosa letu lenyewe litatusaidia, akasema, na ilikuwa mara ya pekee nilipomwona akitabasamu juu ya jambo hilo. Kamati ilikuwa imekataa. Nguzo zitaziba madhabahu, na watu wa mijini watauliza ni za nini.

"Mwenyekiti ni shemeji yangu, mzee. Unajua alivyonisaidia."

"Najua. Kioo hakijui."

Alikunywa chai, akakunja gazeti lake, akaondoka na vioo vyake. Wiki ile niliandika juu ya utamu wa senene. Wasomaji wengi waliipenda; mlinipigia simu kunipongeza. Yeye hakunipigia. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kimyakimya kwa kiongozi wa kwaya, naye akamwelewa, na tangu hapo kwaya ikawa inaimba chini, kwa kisingizio kwamba ngazi zinawachosha akina mama. Akabandika kioo cha tatu. Miaka ikapita, kioo kikabaki kizima, na shemeji akawa anakitaja kama ushahidi kwamba fundi alikuwa anatutisha bure.

Jumamosi iliyopita tulimzika. Kwa heshima yake kanisa lilikuwa limepakwa rangi mpya siku ya Alhamisi, kuta nyeupe, sakafu ya roshani nyekundu iliyokolea, inang'aa. Shemeji alisoma wasifu, akamwita marehemu mshauri wetu mkuu katika ujenzi wa nyumba hii ya Bwana, na mjane akainua kichwa akamtazama. Kisha akatangaza kwamba marehemu aliacha neno. Aliomba kwaya isimwimbie kutoka juu. "Mnaona unyenyekevu wa mtu huyu," shemeji akasema, na sauti yake ilikatika kweli, sitamsingizia. "Lakini hatuwezi kumsindikiza mzee wetu kama yatima. Kwaya zote mbili, pandeni." Nilikuwa benchi la tatu. Nilijua maana ya neno lile, na kanisani humo tuliojua tulikuwa wanne au watano. Kiongozi wa kwaya aligeuka akanitafuta kwa macho, mimi mtu wa gazeti, mtu anayesikilizwa. Nilifungua kitabu changu cha nyimbo nikatafuta namba. Wakapanda, watu zaidi ya arobaini na tarumbeta zao, wakasimama juu ya vichwa vya wafiwa, wakaimba beti zote.

Tulipotoka kwenye kaburi, watu walipokuwa wakinawa mikono kwa ajili ya chakula, nilirudi kanisani peke yangu. Nilipanda ngazi nikitembea kandokando ya ukuta kama mwizi. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya benchi la mwisho. Aliyepaka rangi hakukibandua kioo. Alikipaka pamoja na sakafu, pamoja na lipu yake, na tarehe ya penseli imezikwa chini ya wekundu. Na katikati ya kioo, juu ya rangi yenyewe, palikuwa na mstari. Niliupitisha ukucha, ukakwama. Mama anayefanya usafi alikuwa ameingia kuchukua mashada, nikamwita kutoka juu.

"Mama, rangi hii ya sakafu ulipaka wewe?"

"Mimi na mwenzangu, Alhamisi."

"Na hiki kioo kilikuwa kizima?"

"Kizima, tata. Nilikifuta vumbi kwa kiganja changu, nikasema tukiache, ni cha marehemu."

Rangi ya siku mbili. Ndani ya ufa wa chumba changu palikuwa na rangi, kwa hiyo ufa ulitangulia rangi. Hapa rangi yenyewe ndiyo iliyopasuka, kwa hiyo ufa umetembea baada ya Alhamisi, na baada ya Alhamisi hakuna kilichokuwa juu ya roshani ile isipokuwa mazishi yake. Nimejifunza kusoma herufi moja tu katika elimu yake yote, na imenitosha. Nilimfuata shemeji penye meza ya chakula, nikamvuta pembeni, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, sahani mkononi. Akasema tumalize matanga kwanza. Akasema Jumapili ijayo tuna tamasha, kwaya nne kutoka mitaa ya jirani, mialiko imeshatoka, na roshani ndiyo iliyopangwa kwa ajili yao. Akasema baada ya tamasha kamati itakaa. Kisha akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama nimekula.

Wakubwa zangu, na wadogo zangu, safu ya aina hii hudaiwa funzo mwishoni. Nilidhani la leo litakuwa juu ya saruji hafifu, au juu ya haraka zetu za Desemba, au juu ya tetemeko tulilolitwisha dhambi ambazo si zake. Yote hayo ni kweli na yote hayo ni rahisi kuyasema. Lililo gumu ni hili: ufa ule haukuwahi kufichwa. Aliyeujua aliusema kwa kila mtu aliyepaswa kuusikia, kwa penseli, kwa vioo, kwa nauli yake ya basi, na mwisho kwa pumzi zake za mwisho, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu anayemheshimu mno hata asithubutu kumsumbua. Mkoa huu haujakosa wajuzi. Tumekosa tu wa kumkosea adabu shemeji.

Basi mimi namkosea leo, mbele ya watu wote, nikiwa nimechelewa miaka. Roshani ya kwaya ya kanisa la kwetu, vilimani nyuma ya Nshamba, inatembea. Wanakwaya wa kwaya zile nne, wala mialiko haina kosa wala ninyi hamna kosa, njooni Jumapili, mwimbe, lakini simameni chini, na walio chini wasikae chini ya ukingo ule mpaka nguzo mbili zisimame. Anayetaka kujua mwandishi ana uhakika gani, aje nimwonyeshe picha. Ninayo. Watu saba wamesimama juu ya nondo, karibu na ukuta, jua linawapiga usoni. Na wa tatu kutoka kushoto, mwenye buti mpya, anayecheka kuliko wote, ni mimi.